Kibanda cha Watu Wawili

Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inamjua vizuri mgonjwa wa malaria. Anaugua, daktari anamwandikia karatasi, anapumzika siku zisizozidi 15, anapona, anarudi. Ugonjwa ukiwa mrefu, ipo likizo inayofika miezi sita, mitatu ya kwanza ikiwa na mshahara. Ambaye sheria hiyo haimjui ni mtu aliye mzima Jumatatu, Jumanne saa nane mchana haoni nusu ya ukurasa ulio mbele yake, na Jumatano asubuhi yuko mezani amechana nywele, anasalimia watu kama vile jana haikuwapo.

Mkalimani mmoja wa Kigali ameishi hivyo kwa miaka mingi. Jina lake halitatajwa hapa kwa sababu moja tu: bado anatafuta kazi, na wateja husoma magazeti.

Alitokea Ngara, Tanzania, akavuka mpaka pale Rusumo, wakati Kiswahili kilipoanza kulipa. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Februari 2022 Umoja wa Afrika nao ukakipokea kuwa lugha ya kazi. Kati ya miaka hiyo miwili Kigali ilikuwa inajijenga kuwa mji wa mikutano. Jumba la Kigali Convention Centre lilikuwa limefunguliwa 2016 huko Kimihurura, na kuba lake linalobadilika rangi usiku huonekana kutoka vilima vingi vya mji. Mgeni hupiga picha. Kwa mkalimani, kila mkutano ni unga na mkaa.

Maumivu yake ni ya aina mbili, na hayakuja pamoja. Kipandauso alikirithi upande wa mama, kikaanza alipokuwa sekondari. Katika hilo hayuko peke yake: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa maradhi ya kuumwa kichwa, ukiyajumlisha yote, huwapata takribani asilimia 40 ya watu duniani, yaani bilioni 3.1 kwa hesabu ya mwaka 2021. Kipandauso, mojawapo ya maradhi hayo, huwaandama zaidi wanawake, takribani wawili hadi watatu kwa mwanamume mmoja, na homoni zina mkono wake humo. Maumivu ya pili yalimjia ukubwani, akiwa tayari Kigali. Yaliletwa na mkanda wa jeshi.

Wengi wanaujua mkanda wa jeshi wa kiunoni au mbavuni. Wake ulitokea nyuma ya sikio la kushoto, ukashuka shingoni na kupanda kwenye nywele. Kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga ya utotoni. Mtoto akipona, kirusi hakiondoki, hujilaza kwenye vifundo vya neva karibu na uti wa mgongo au chini ya ubongo, na miaka mingi baadaye, kinga ya mwili ikilegea kwa umri, uchovu au ugonjwa mwingine, huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Kwa kuwa hufuata neva ya upande mmoja, ni nadra vipele kuvuka katikati ya mwili, ingawa wapo wanaoamini kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mtu hufa. Dawa iitwayo asiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Zahanati ya kwanza ilimwambia ni mzio, ikampa mafuta ya kupaka, na saa hizo zikapita.

Halafu likaja la majirani. Katika Afrika Mashariki, kijana mwenye mkanda wa jeshi huhukumiwa kabla hajakaa kitako, kwa kuwa VVU huvunja kinga na kirusi hicho hupata nafasi. Mkalimani alipimwa siku ileile alipofika hospitali, majibu yakasema hana. Majibu hayakubadilisha mawazo ya mtu yeyote pale alipokuwa amepanga, Biryogo, mtaa wa Nyamirambo ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani tangu enzi za ukoloni na habari husafiri kwa ufasaha mkubwa.

Vipele vilikauka. Maumivu yakabaki. Yakipita miezi mitatu, madaktari huacha kuyaita mkanda wa jeshi na kuyahesabu kuwa ugonjwa wa neva yenyewe: uzi ulioharibika unaendelea kupeleka habari za kuungua kutoka mahali pasipoungua. Huwaka, huchoma sindano, kisha hupiga kama shoti ya umeme. Jambo linalowashangaza watu ni kwamba kuguswa kidogo kunauma kuliko kushikwa kwa nguvu. Upepo kwenye nywele unauma. Ncha ya mtandio inauma. Sasa fikiria mji huu ambao pikipiki ndizo miguu ya watu, na sheria inamtaka kila abiria avae helmeti. Helmeti ile, ambayo imeokoa vichwa vingi na hakuna mwenye akili atakayeipinga, ilimkaa juu ya neva yenyewe. Akaanza kupanda basi na kuamka mapema kuliko wenzake.

Helmeti ina dawa yake: basi. Hedifoni haina. Mkalimani asiyevaa hedifoni hana kazi.

Kabla ya kufika kwenye namna alivyolimudu hilo, inafaa kueleza kipandauso kinavyoingia kazini, maana watu wengi hudhani ni kuumwa kichwa tu, basi. Kwake huanza kwa miayo mfululizo na hamu ya vitu vyenye chumvi. Baadaye, pembeni mwa macho yote mawili, hujitokeza mstari wa mwanga wenye meno kama msumeno, unaotanuka polepole na kufuta kila kilicho nyuma yake. Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na hali hiyohiyo, alikaa akichora mstari wake ulivyosogea. Mwaka 1941 akaandika kwamba kitu kinachouleta hutambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa takribani milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão, akichunguza ubongo wa sungura, alieleza wimbi la umeme linalotembea kwa mwendo wa namna hiyo. Mgonjwa mmoja na kalamu yake alikuwa ametangulia mashine.

Mkalimani wetu hakuhitaji kujua habari za sungura, lakini mwendo ule ulimfaa. Wimbi linalokwenda polepole ni notisi. Tangu msumeno unapotokea hadi kichwa kinapoanza kugonga, ana muda wa kumaliza hoja ya mzungumzaji, kumeza kidonge kikiwa bado kina nguvu ya kufanya kazi, na kukabidhi. Ila kuna siku ambazo wimbi hilo, badala ya kupita sehemu ya kuona, hupita sehemu ya maneno.

Februari 2011, usiku wa tuzo za Grammy huko Los Angeles, mtangazaji wa televisheni Serene Branson alisimama mbele ya kamera kutoa taarifa ya moja kwa moja, na kilichotoka kinywani kikawa si lugha. Sauti ilikuwa yake, kasi ilikuwa ya mtangazaji, maneno hayakuwapo. Video ilizunguka dunia nzima, wengi wakisema amepatwa na kiharusi mbele ya macho yao. Madaktari walipomchunguza walikuta ni kipandauso. (Walifanya vizuri kumpima kwanza: ulimi unaokwama ghafla, mkono unaolegea, kichwa kinachoanza kupasuka ghafla ndani ya sekunde chache, au maumivu makali ya kichwa pamoja na homa na shingo ngumu, si mambo ya kusubiri nyumbani, hata kwa mtu aliyezoea kuumwa.) Mkalimani ameitazama video ile mara nyingi. Anasema kinachomtisha si maneno kupotea. Ni kwamba Branson alikuwa peke yake mbele ya kamera, hakuna wa kumpokea.

Ukalimani wa papo kwa papo haufanywi na mtu mmoja. Ni desturi ya kazi: kibanda kimoja, watu wawili, kupokezana kila baada ya kama nusu saa, kwa sababu akili inayosikiliza lugha moja huku ikisema nyingine huchoka haraka. Mpango huo haukuwekwa kwa ajili ya wagonjwa. Uliwekwa kwa ajili ya kila mtu, na hapo ndipo siri yake ilipo. Siku maneno yalipomkimbia katika kikao kimoja cha mchana, katikati ya sentensi ya Kifaransa kuhusu ushuru wa forodha, alibonyeza kitufe cha kuzima sauti, akagusa mkono wa mwenzake. Mwenzake akaipokea sentensi ilipoachwa. Ukumbini walisikia sauti ya kike ikigeuka ya kiume, jambo ambalo hutokea kila nusu saa. Hakuna aliyegeuza shingo.

Masimulizi ya watu wanaofanya kazi na maumivu hupenda kumwacha mtu mmoja jukwaani. Januari 1998, katika fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, Terrell Davis wa Denver Broncos alipatwa na kipandauso mpaka akashindwa kuona. Alirudi uwanjani kipindi cha pili, akamaliza na alama za mguso tatu, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ushujaa. Lakini karibu robo yote ya pili alikuwa pembeni, dawa ikifanya kazi, na wenzake wakaendelea kucheza. Karen Blixen, aliyelima kahawa Ngong hadi 1931 na kuandika maisha yake yote yaliyobaki akiwa na maumivu makali ya neva, anakumbukwa kwa vitabu. Clara Svendsen, katibu aliyekuwa akiandika maneno yake huku bibi huyo amelala kwa kushindwa kukaa, hakumbukwi na wengi.

Hoja ya mkalimani ni hiyo, na mwandishi wa makala haya anaiafiki: kinachoamua kama mgonjwa wa aina hii atabaki kazini si ukubwa wa maumivu wala ugumu wa moyo, ni kama kazi yenyewe ina mahali pa kupokelewa.

Alilijua vizuri zaidi mwaka 2020. Rwanda ilipofunga shughuli Machi kwa sababu ya Uviko-19, mikutano ilihamia kwenye skrini, na kwa haraka waandaaji wakagundua kwamba mkalimani aliye nyumbani hana kibanda, hivyo anaweza kuwa mmoja. Hakuna nauli, hakuna chakula cha mchana, hakuna mtu wa pili. Mwanga wa skrini, sauti iliyobanwa na intaneti, na hedifoni saa tatu mfululizo bila wa kumwachia. Kwa watu wenye afya, mwaka wa kufanyia kazi nyumbani ulikuwa mwaka wa kupumzisha miguu. Kwake ulikuwa mwaka wa kukataa kazi.

Dawa nazo zina vituko vyake. Karibu zote anazotumia zimeazimwa kutoka kwa wagonjwa wengine. Amitriptilini ilitengenezwa kwa ajili ya sonona. Kwa dozi ndogo usiku hutuliza neva na kupunguza mashambulizi ya kipandauso, na kwa kuwa yeye ana vyote viwili, kidonge kimoja kinamlipia madeni mawili. Propranololi ni ya moyo. Aliyeitengeneza, Mskoti James Black, alipata Tuzo ya Nobel 1988, na faida yake kwa kichwa iligunduliwa kwa bahati katika miaka ya 1960, pale wagonjwa wa moyo walipoona vichwa vyao vimeacha kuuma. Wenye pumu hawaruhusiwi kuigusa. Gabapentini na kabamazepini ni za kifafa. Dada aliyekuwa akiishi naye aliwahi kuisoma karatasi ya ndani ya boksi, iliyoandikwa Kifaransa, akatoka chumbani na uso mwingine kabisa.

“Dada, kumbe una kifafa na hukuniambia?”

Ilibidi aelezwe, na hakuelewa siku ile. Alizidi kutoelewa mkalimani alipopewa rufaa ya kumwona daktari wa neva katika hospitali ya Ndera, nje kidogo ya katikati ya mji. Hospitali hiyo huhudumia maradhi ya akili na ya neva pia, lakini kwa mtu wa kawaida Kigali jina lake lina maana moja tu, wazimu. Ukisema unakwenda Ndera, hakuna anayekuuliza unaumwa wapi.

Daktari hakumuuliza maumivu ni makali kiasi gani. Aliuliza ni siku ngapi kwa mwezi anameza vidonge vya kutuliza, akataka aone kalenda. Swali hilo lina sababu yake. Mwenye kipandauso akitumia parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, au triptani (dawa za kukata kipandauso) na vidonge vya mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, dawa zenyewe huanza kuzalisha maumivu ya kichwa. Ofisi za Kigali zimejaa droo zenye parasetamoli, na wenye droo hizo hawajui kwamba kalenda ni kipimo muhimu kuliko picha ya kichwa. Tangu siku hiyo yeye huandika: usingizi, hedhi, mlo uliorukwa, kidonge. Kalenda ndiyo iliyomwonyesha kwamba kichwa chake hakichukii kazi nyingi, kinachukia mabadiliko. Siku ya mkutano mzito huenda salama. Jumamosi inayofuata, akilala hadi saa tatu asubuhi, ndiyo humwangusha. Kwa hiyo uamuzi wa serikali wa kuanza kazi saa tatu asubuhi badala ya alfajiri ya kukimbizana, ulioanza Januari 2023, wengine waliupokea kama ruhusa ya kulala. Yeye aliupokea kama ruhusa ya kuamka saa ileile kila siku bila kukosa usingizi.

Zipo dawa mpya, zilizobuniwa kwa ajili ya kipandauso hasa, si za kuazima. Ya kwanza kati ya kingamwili zinazozuia kemikali iitwayo CGRP iliidhinishwa Marekani Mei 2018, bei yake ikitangazwa kuwa dola 6,900 kwa mwaka. Mchango wa mutuelle, bima ya afya ya jamii ya Rwanda, kwa miaka mingi ulikuwa, kwa kaya nyingi, faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Sumatriptani, iliyokuwa sokoni tangu 1991, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Miaka 30.

Wala Rwanda si nchi iliyopuuza maumivu. Mwaka 2011 ilitoa sera ya taifa ya tiba shufaa, miongoni mwa za mwanzo barani, na ikaanza kutengeneza yenyewe mofini ya maji ambayo imewafikia wagonjwa wa saratani hadi vijijini. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mofini huzidisha kipandauso ikizoeleka, na kwa neva iliyoharibika si chaguo la kwanza. Maumivu yanayoelekea kifo yamepata foleni yake. Yasiyoua bado yanasimama nje, yakiulizwa kama kweli yanauma.

Mwenzake wa kibandani anayaelewa bila kuelezwa. Ni mzee kuliko yeye, na mkono wake wa kulia una kovu la panga la mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Mwaka 1864 daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia na wenzake waliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambao majeraha yao ya neva yalikwisha kufunga lakini mikono iliendelea kuwaka moto. Mkono wa mzee huyu umewaka zaidi ya miaka 30, na huwaka zaidi kwenye baridi ya mvua za masika. Masika ni Aprili. Aprili ndio mwezi wa kumbukumbu ya mauaji hayo, inayoanza tarehe 7, na katika kumbukumbu wakalimani hufasiri ushuhuda wa manusura. Ukalimani hausemi “yeye alisema”. Husema “mimi”. Mimi nilijificha, mimi nilisikia mlango. Wakati huo wengi hupatwa na kile Wanyarwanda wanachokiita ihahamuka, yaani mshtuko wa kiwewe, na kichwa kuuma ni sehemu yake, hivyo mwenye kipandauso akishika paji la uso mwezi huo huzungukwa na watu wa huduma ya kwanza kabla hajapata kusema neno.

Asubuhi za namna hiyo mazungumzo ya kibandani huwa mafupi.

“Dada, leo ni kichwa au shingo?”

“Shingo, mzee. Na mkono?”

“Upo. Basi anza wewe, ushuhuda wa pili niachie.”

Hawajawahi kuongea zaidi ya hapo juu ya maumivu yao. Wameongea sana juu ya vifaa. Ni yeye mzee aliyemtafutia hedifoni inayoning'inia sikio moja, la kulia, akaomba fundi amwekee sauti chini kidogo na taa ya mezani ielekee karatasi badala ya kioo. Mkalimani kwa upande wake huandika tarakimu na majina ya watu kwa ajili yao wote wawili, kwa sababu vidole vya mzee hukataa kalamu kipindi cha mvua.

Siku hizi mambo hayo ameyaingiza kwenye barua ya makubaliano anayowatumia wateja: wakalimani wawili kwa kila kibanda hata kwa mkutano wa mtandaoni, kupokezana kwa nusu saa, hedifoni atakuja na yake. Haandiki kwamba anaumwa. Anaandika kwamba ndio utaratibu wa taaluma, na ni kweli. Wengi hutia saini bila kuuliza. Shirika moja lenye mkutano wa siku tatu lilijibu wiki iliyopita kwamba limekubali wawe wawili, ila bajeti iliyopo ni ya mtu mmoja na nusu. Mzee amemwambia asijibu mpaka Jumatatu, na aanzie kwenye watu wawili na chakula cha mchana.